Mtambo Uliolala Jangwani

Ndugu msomaji, bila shaka umewahi kuingia nyumba ya watu ukakuta cherehani imefunikwa kitambaa, na juu yake pamewekwa maua. Ukiuliza mbona haishoni, utaambiwa leo uzi hakuna, kesho fundi hakufika. Hata hivyo kila mwezi hutiwa mafuta isije ikashika kutu.

Wiki hii nakualika tuitazame cherehani ya namna hiyo, mali ya Serikali ya Marekani, iliyoko Yuma katika jimbo la Arizona. Ni mtambo wa kuondoa chumvi katika maji, uliogharimu kiasi cha dola milioni 250. Ulikamilika mwaka 1992, ukafanya kazi miezi michache kwa theluthi moja ya uwezo wake, na mapema mwaka 1993 mafuriko ya Mto Gila yalipoharibu mifereji, ukazimwa. Tangu hapo swali limekuwa moja: uwashwe, au uachwe ulale?

Chanzo chake ni ugomvi wa majirani. Kwa mkataba wa mwaka 1944, Marekani iliahidi kuiachia Meksiko mita za ujazo bilioni 1.85 za maji ya Mto Colorado kila mwaka. Mkataba ulitaja wingi wa maji. Juu ya chumvi haukutamka neno. Mwaka 1961 wakulima wa Wellton-Mohawk, mashariki ya Yuma, ambao mashamba yao yalikuwa yakituama maji ya chumvi chini ya ardhi, walianza kuyavuta maji hayo kwa pampu na kuyamwaga mtoni. Yaliteremka hadi bonde la Mexicali, ng'ambo ya mpaka, na kule pamba ikanyauka. Hebu jiweke mahali pa mkulima yule: maji aliyoahidiwa yamefika kwa kipimo kamili, naye akiyatia shambani anaiua mimea yake kwa mkono wake mwenyewe.

Malalamiko yalidumu zaidi ya miaka kumi. Mwezi Agosti 1973 serikali mbili zikaafikiana kuweka mpaka wa chumvi, na mwaka 1974 Bunge la Marekani likaidhinisha mtambo ujengwe. Kazi yake si ngumu kuieleza. Maji husafishwa tope, kisha husukumwa kwa nguvu nyingi kupitia utando mwembamba sana. Yaliyo safi hupenya, na chumvi hubaki nyuma pamoja na maji kidogo.

Wakati wa kuusubiri, maji yale ya mashambani yalichimbiwa mfereji wa kuyapeleka mbali na mto, hadi nyika moja ya Sonora, nchini Meksiko, iitwayo Ciénega de Santa Clara. Mfereji ulikamilika mwaka 1977. Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo hakuna mhandisi aliyelichora. Maji yaliyodhaniwa ni taka yaliotesha matete. Pakaenea kinamasi cha hekta zipatazo 16,000, katika delta ambayo mabwawa ya juu yalikuwa yameikausha karibu yote. Ndege wahamao wakapata kituo, na ndege mmoja adimu wa jamii ya kukuziwa, ambaye hujificha matetени, akapata makao makubwa kuliko popote pengine.

Nakiri kwamba nilipoanza kuzisoma habari hizi nilikuwa upande wa kuwasha. Mali ya umma haijengwi iwe pambo. Tena hoja ya wenye kutaka uwashwe si ndogo: maji yanayopita kwenye mfereji ule hayahesabiwi katika fungu la Meksiko, hivyo pengo lake, ambalo kwa kawaida huzidi mita za ujazo milioni 120 kwa mwaka, hujazwa kwa maji ya mabwawa. Nao Mto Colorado, unaotegemewa na watu wapatao milioni 40, umeandamwa na ukame tangu mwaka 2000, hata mwaka 2022 Arizona na Nevada zikapunguziwa mgao.

Lakini mtambo ukiwashwa kwa nguvu zake zote, kinamasi kitabakiwa na maji machache yenye chumvi kali, nacho kitakufa. Wapo wasemao kwamba kilizuka kwa bahati tu, hivyo hakina haki. Mimi sikubali. Mtoto asiyetarajiwa hafukuzwi nyumbani kwa sababu hakuwamo katika mipango.

Mwaka 2010 hadi 2011 mtambo ulijaribiwa tena kwa theluthi. Safari hiyo Marekani, Meksiko na vyama vya kuhifadhi mazingira waliahidi kila mmoja kukipatia kinamasi theluthi ya maji yatakayopungua, jumla mita za ujazo milioni 37. Kumbe watu wakikaa pamoja hesabu hupatikana.

Kwa maoni yangu uachwe ulale, na pengo lijazwe kwa kuwalipa wakulima wa Yuma watakaokubali kupumzisha sehemu ya mashamba yao. Ila wenye shamba watalipwa. Vibarua wanaovuna mboga humo hawana shamba la kulipiwa. Kabla ya mtu yeyote kutia sahihi, ujira wao wa msimu huo nao uwekwe mizanini, pamoja na maji na ndege.