Nani kasema msikiti lazima uwe na kuba?

Wiki iliyopita nilimwonyesha jamaa yangu mmoja pale chumba cha habari picha ya Msikiti Mkuu wa Sumatra Magharibi, ulioko mjini Padang, Indonesia. Akaitazama, akacheka. "Kaka, huu si msikiti, huu ni ukumbi wa mikutano. Kuba iko wapi?"

Sikumjibu pale pale. Namjibu hapa, maana najua hayuko peke yake.

Wadau, kuba haikusahauliwa. Mkoa uliitisha shindano la usanifu mwaka 2007, akashinda msanifu Rizal Muslimin kwa paa lililoinuka kwenye pembe zake nne. Mminangkabau, mwenyeji wa huko, akilitazama anaona nyumba ya asili ya ukoo wake, ile yenye ncha zinazopanda juu kama pembe za nyati. Anayeijua sira anaona pia ile nguo ambayo Mtume (S.A.W.), kabla hajapewa utume, aliwashikisha wakuu wa koo za Makka wabebe Jiwe Jeusi kwa pamoja, ugomvi ukaisha. Kuba gani ya kunakili ingeyasema yote hayo?

Tena Padang ni mji wa matetemeko. Tarehe 30 Septemba 2009, ujenzi ukiwa umeshaanza, ardhi ilitikisika na zaidi ya watu 1,000 wakapoteza maisha mkoani humo. Kwa hiyo jengo lilibidi lihimili tetemeko, na sakafu yake ya juu iwe kimbilio la watu tsunami ikija. Mwaka 2021 likapata tuzo ya Abdullatif Al Fozan ya usanifu wa misikiti. Tuzo hiyo ni ya Saudia! Wao wameukubali, sisi wa Dar tunaukatalia?

Msikiti wa Mtume mwenyewe kule Madina ulikuwa wa matofali ya udongo, nguzo za magogo ya mitende na paa la makuti. Nani atathubutu kusema haukuwa msikiti?

Najua utaniambia: mbona Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani una kuba? Kweli, zilijengwa karne ya 14. Lakini mafundi walizijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, vitu vya pwani yao, na sehemu ya kwanza ya msikiti huohuo ilikuwa na paa bapa. Walichagua kwa akili zao. Siyo sisi, tunaofungua katalogi na kunyoosha kidole.

Nauliza hivi kwa sababu yananigusa. Msikiti mmoja ninaoswali umechangisha miaka mitatu kwa ajili ya kuba. Imepanda, inang'aa, tumepiga picha. Ijumaa tunatawadha kwa maji ya ndoo kwa sababu mabomba hayatoi, na kina mama wanaswali kwenye kichumba kisicho na dirisha. Nilipouliza, mzee mmoja akaniambia, "Kijana, kuba ndiyo heshima."

Heshima ya nani, mzee wangu?

Sisemi tubomoe kuba. Nasema kabla hatujachanga tena tujiulize: nani ataswali humu, atatawadha wapi, joto letu hili litatokea wapi? Watu wa Padang walijiuliza ya kwao, wakapata jengo linalofanana nao. Letu linafanana na nani?

Nawasilisha.