Ada ni Riba Iliyovaa Suti

Ukipanda mat ya Kangemi kuja tao, utapita Safaricom House pale Waiyaki Way, Westlands. Angalia abiria wenzako. Karibu kila mtu ameshika simu, na wanaoongea ni wawili watatu tu. Wengine wako WhatsApp na TikTok, na konda anangoja nauli iingie kwa M-Pesa.

Hapo ndipo biashara imehamia. M-Pesa ilianza Machi 2007 kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Katika mwaka wa fedha ulioisha Machi 2022, iliingizia Safaricom zaidi ya shilingi bilioni 107, huku simu za kuongea zikileta kama bilioni 83. Ukiwauliza wataalamu doh ya kesho ya kampuni za simu itatoka wapi, watakutajia 5G na akili bandia. Tuache kudanganyana. Kwa sehemu kubwa itatoka kwa msee ambaye mshahara wake haufiki tarehe 20.

Tupige hesabu. Fuliza ilizinduliwa Januari 2019. Siku hizo, ukifuliza shilingi 200 ulikatwa asilimia 1 ya kuingilia, kisha shilingi 5 kila siku. Mama mboga wa Kawangware aliyechukua hiyo 200 aongezee pesa ya sukuma Marikiti, akairudisha baada ya siku 7, alilipa 37 juu yake. Hiyo ni zaidi ya asilimia 18, kwa wiki moja! Ungeandikiwa hivyo kama riba ya mwaka, ungetoka mbio. Lakini haiandikwi riba. Inaitwa ada.

Na hilo jina lina kazi yake. M-Shwari ilipoingia Novemba 2012, ilikata asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Sheria ilipoweka kikomo cha riba za benki mwaka 2016, makato hayo yaliendelea, kwa maelezo kwamba hiyo ni ada, si riba. Kikomo chenyewe kiliondolewa 2019. Ng'ombe ni yule yule, kabadilishwa kengele tu.

Najua utaniambia heri Fuliza kuliko shylock wa mtaa. Ni kweli, bana. Mtoto akiugua saa nane za usiku, hakuna benki itakayokufungulia mlango. Hata mimi nimefuliza nauli. Lakini shylock lazima akutafute ndiyo alipwe. Huyu anakaa ndani ya pochi yako: doh ikiingia tu, anajilipa kwanza, kabla ya landlord, kabla ya unga. Sasa mkopeshaji aliyejihakikishia malipo hivyo anatutoza kana kwamba tutamtoroka, kwa nini?

Wengine watasema bei ikishuka biashara itakufa. Oktoba 2022, wiki chache baada ya serikali mpya kuingia, makato ya kila siku kwa hiyo 200 yalishuka hadi shilingi 3, na siku 3 za kwanza zikawa bure. Nani alifunga duka? Katika mwaka ulioisha Machi 2025, mapato ya M-Pesa yalivuka bilioni 160. Kumbe nafasi ya kupunguza ilikuwepo muda wote huo, na sisi tulikuwa tunalipa tu.

Kwa hivyo tudai mambo matatu. Gharama iandikwe kama riba ya mwaka, kwa tarakimu kubwa, kabla mtu hajabonyeza kukubali. Mteja achague akatwe kiasi gani pesa ikiingia, ili familia ile kwanza. Na Benki Kuu iache kusoma jina la makato, isome hesabu yake.

Kampuni kupata faida si dhambi. Lakini faida inayokua kila tunapokosa inaipa kampuni sababu gani ya kutaka tupate?

Mat imefika tao. Konda anauliza nani hajalipa. Msee wa kiti cha nyuma anatoa simu, anafuliza nauli.