Ukitaka kumpandisha mtoto boti, kwanza uliza upepo

 

Wiki iliyopita mshikaji wangu mmoja, fundi simu, alinifuata kijiweni karibu na stendi anachekacheka kama mtu aliyeokota pochi. Kumbe anaoa. Ndoa Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka, halafu hao! Basi mpaka Dodoma, treni ya umeme mpaka Dar, boti mpaka Unguja, fungate. Lakini kilichomchanganya zaidi si Unguja yenyewe, ni hiyo boti. "Nataka tukae juu kwenye hewa, kaka. Upepo umpige, mtandio urukeruke kama kwenye sinema. Na tukifika hatukai hotelini, kila siku tuko kwenye mashua."

Nikamwuliza swali moja tu. "Mwezi wa nne kule baharini kunavuma upepo gani?"

Akanitazama kama nimemwambia ataje mito ya Ulaya. "Upepo si upepo tu?"

Simcheki. Sisi watoto wa Babati maji tunayoyajua ni ya Ziwa Babati, na pale hofu yetu ni kiboko, siyo wimbi. Msimu kwetu ni habari ya shamba: lini kupanda, lini kupalilia, lini kuuza mbaazi. Nani atakuambia kwamba bahari nayo ina misimu yake, na ukiikosea inakudai? Mie nilifundishwa na bahari yenyewe, na ada niliyolipa bado inaniuma. Ngoja niwape mkanda mzima.

Ilikuwa Julai, mwaka juzi. Nilikuwa nimeuza magunia yangu ya mahindi, mshiko upo, na mchumba wangu, mtoto wa Magugu, alikuwa hajawahi kuiona bahari hata siku moja. Nikamwambia tunakwenda. Akaniuliza, "Kwani bahari haina mawimbi?" Nikamjibu kwa sauti ya mtu aliyezaliwa Bagamoyo: mwezi wa saba hakuna mvua, kwa hiyo bahari inakuwa shwari kama chai kwenye kikombe. Nilikuwa najizushia tu. Nilidhani mvua ndiyo inayochafua bahari.

Wapenzi, ile boti ilipolipa kisogo Dar es Salaam na kuingia mkondo, chai ilimwagika. Pua inapanda, inashuka, tumbo linabaki juu. Mwenzangu alianza kwa kunyamaza, akafuatia kunishika mkono, na mwisho akaomba mfuko. Alitumia mitatu. Mie nilikaza mpaka nikaona minara ya Unguja, kisha nikaomba wa kwangu. Saa mbili za safari tuliziona kama ni kutoka Babati mpaka Kigoma.

Tukala raha zetu siku tatu, Forodhani, Nungwi, picha za kutosha. Siku ya kurudi tukafika bandarini mapema, na hapo ndipo nilipoharibikiwa. Palikuwa na mzee mmoja mpagazi, kofia yake kichwani, mpole. Nikamwuliza kwa kujifariji tu, "Mzee wangu, kurudi si afadhali kuliko kuja?"

Yule mzee hakuwa na hiyana. Akanyoosha mkono kusini. "Mwanangu, huu ni kusi. Mlipokuja kutoka Dar mlikuwa mwaelekea kaskazini, upepo uko mgongoni mwenu. Leo mwarudi kusini, mwaukabili. Mtarushwa kidogo."

Nilitamani nimzibe mdomo. Mwenzangu aliweka begi chini, akalikalia. "Kuja ndiyo ilikuwa afadhali? Mie sipandi. Nenda wewe, mimi nitabaki hapa hapa niolewe na Mpemba."

Nikamwona ananichezea. Kumbe hakuwa anacheza. Usiku ule alikuwa amesoma kwenye simu habari za MV Skagit, ile meli iliyotoka Dar kwenda Unguja tarehe 18 Julai 2012 ikapigwa na upepo mkali, ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe ikiwa imebakiza kidogo tu kufika, na watu wengi wakapotea. Mwezi wa saba. Mwezi ule ule niliomwambia bahari ni chai. Utamwambia nini mtu kama huyo? Nikatoa simu. Kwenye simu kulikuwa na hela moja tu iliyobaki, na hela hiyo ilikuwa na kazi yake: mahari. Wajomba zake Magugu walikuwa wanaihesabia siku. Nusu yake ikawa tiketi mbili za ndege. Dakika ishirini angani, tukatua Dar, hakuna aliyesema na mwenzake. Harusi ikasogea mwaka mzima.

Tangu hapo mie kila nikikutana na mtu wa Pwani namhoji habari za upepo kama polisi. Nilichokipata ni hiki, na ndicho nilichomweleza fundi wangu.

Bahari yetu ina wakubwa wawili. Wa kwanza ni kaskazi, anaanza kushika kiti mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili mpaka mwezi wa tatu hivi. Huyu ndiye aliyekuwa akiwaleta wafanyabiashara wa Oman, Uajemi na India na majahazi yao enzi hizo. Wa pili ni kusi, anaingia mwezi wa nne kuelekea wa tano na anatawala mpaka wa tisa, na ndiye aliyewarudisha kwao. Wale watu hawakuwa na injini, kwa hiyo kalenda yao ilikuwa ni upepo. Sisi wenye injini tumekuwa na kiburi, tunadhani boti ya mwendo kasi haijali. Boti inafika, ndiyo, ila tumbo lako ndilo linalolipa tofauti.

Kusi ndiye mbabe, hasa Juni, Julai na Agosti. Watu wa Unguja miezi hiyo wanaiita kipupwe: hewa baridi, jua zuri, mvua chache. Ukiwa nchi kavu ni raha tupu, ndiyo maana Wazungu wanajaa, kwao ni likizo, na bei za hoteli za ufukweni zinapanda. Wale vijana wanaovutwa na miamvuli juu ya maji kule Paje wanaombea upepo huo uzidi. Wewe unayetaka kukaa kwenye mashua umemshika mtoto kiuno, huo si upepo wako. Na ikikulazimu kusafiri miezi hiyo, chukua boti ya asubuhi, maana upepo huwa na tabia ya kukaza buti mchana. Kaa ndani, chini, katikati kuelekea nyuma. Pua ya boti waachie mabaharia. Hiyo ya mtandio kurukaruka ni ya kwenye sinema.

Kaskazi naye si malaika. Januari na Februari kuna siku anavimba, na joto lake litakufanya uikumbuke Babati kwa machozi. Ila kwa wengi wetu ni mwepesi kuliko kusi, na mambo yanageuka: kwenda Unguja ndiyo unamkabili, kurudi Dar anakusukuma. Kipindi hicho ndipo zile meli kubwa za watalii kutoka ng'ambo, zile za ghorofa kama mtaa mzima, zinapopita zaidi Mombasa na Zanzibar. Wale hawakurupuki, wana wataalamu wa kuwachagulia mwezi.

Sasa mwezi wa nne wa fundi wangu. Huo ni masika. Mvua ya Pwani siyo ya kwetu hii ya kubisha hodi. Hoteli kadhaa za ufukweni zinafunga kabisa, zinazobaki zinashusha bei, na mtu asiyejua anaona kapata dezo. Si dezo, ni kwamba hakuna anayeitaka. Na hapo bado vimbunga. Pwani yetu haipati vingi, lakini Hidaya alikuja mwanzoni mwa Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa ikatoa tahadhari, na usafiri wa boti kati ya Dar na Zanzibar ukasimamishwa. Fikiria wewe ndiye bwana harusi umekwama Dar, nyumba ya wageni, siku zinakwenda, hela inakwenda, bibi harusi anaangalia dirisha.

"Sasa nimpeleke lini?" fundi akauliza, ule uchangamfu umemtoka.

Hapo ndipo penye utamu, na penye ugumu wetu sisi wa bara. Mie nilikwenda Julai si kwa ujinga wa upepo peke yake. Nilikwenda Julai kwa sababu ndipo nilipokuwa na hela! Mahindi yanauzwa, kijana anajiona tajiri, anataka kujirusha. Hela ikiingia, kusi yuko kazini. Kaskazi akiingia, hela imekwisha: Krismasi, Januari ada za wadogo zako, mbegu, trekta. Bahari na mfuko wa mtu wa Babati wamekataa kupeana miadi.

Isipokuwa mwezi mmoja. Oktoba.

Kusi anakuwa anachoka, kaskazi hajaamka. Watu wa Pwani wanasema tanga mbili, maana upepo haujaamua uende wapi. Maji yanatulia, yanang'aa mpaka unaona chini. Mvua za vuli ndiyo kwanza zinajikusanya, zinaweza kukunyeshea siku moja mbili lakini si masika. Wazungu wa Agosti wamerudi kwao, wa Krismasi hawajaja, bei inazungumzika. Nyangumi wanaopita pwani yetu tangu Julai wengine wanakuwa hawajaondoka, na kule Mafia papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote na mpole kama ng'ombe wa maziwa, wanaanza kuonekana. Na kubwa kuliko yote, mbaazi zimeshavunwa na kuuzwa! Ukiwa umeitunza ile hela kwa wiki chache bila kuipitisha baa, Oktoba ni yako.

Ukishapata mwezi, angalia na mwezi wa angani. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu kunakuwa na bamvua, maji yanajaa sana na kutoka sana. Katikati yake ni maji mafu, hayapandi wala kushuka kwa fujo. Kwa mtu anayetaka kwenda lile fungu la mchanga linaloitwa Nakupenda, karibu na Mji Mkongwe, jambo hili si dogo: maji yakijaa fungu linamezwa. Umempeleka mtoto Nakupenda, Nakupenda haipo! Uliza wenye mashua saa za kupwa kabla hujalipa.

Halafu kuna Ramadhani. Miaka hii imesogea mpaka Februari na Machi, katikati ya kaskazi. Mwenye kufunga anajua, lakini wewe usiyefunga ujue kwamba hoteli nyingi za wenyeji zinafungwa mchana na kula barabarani ni kukosa adabu. Usiku Forodhani inanoga, sikatai. Ila fungate ya kushinda mnatafuta chapati kwa kujificha, aah.

Fundi akanikatiza. "Kwa hiyo nikienda Oktoba sina wasiwasi?"

Nikamwambia taratibu, maana hapa hakuna mzaha. MV Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikitoka Unguja kwenda Pemba, na kilichoizamisha si msimu. Ilijazwa watu na mizigo kupita uwezo wake. Zaidi ya maiti 200 ziliokolewa, na wengi hawakuonekana tena. Kwa hiyo hata bahari ikiwa shwari, ukifika gatini ukaona watu wamekaa mpaka kwenye ngazi, shuka. Hiyo nauli isamehe. Kwenye mashua za kitalii ndiyo usione haya kabisa: uliza jaketi la kuokolea, na uvae, hata kama linaharibu picha. Usiku kabla ya safari sikiliza utabiri wa hali ya hewa, ule tunaozima redio ukianza kwa kuwa "mawimbi makubwa" hayafiki Babati.

Fundi alikaa kimya muda, anahesabu kwa vidole. Aprili, Mei, Juni... "Lakini fungate ni siku saba baada ya harusi, kaka. Nikimpeleka baada ya miezi sita, bado ni fungate?"

Nikamwambia akamwulize mwenyewe bibi harusi. Juzi kanipigia simu: bibi harusi kasema bora fungate iliyochelewa kuliko bwana harusi anayetapika, na siku hizo saba za Aprili watakwenda kwa shangazi yake Karatu, wakapigwe na baridi bure.

Na mie? Mahari nimemalizia mwezi uliopita, wajomba wametabasamu. Nikapata ujasiri, nikamwambia mwenzangu turudi Unguja Oktoba, kwa boti. Nikampa habari zote za kusi, kaskazi, tanga mbili, bamvua, yote, kama mwalimu wa jiografia. Akanisikiliza mpaka mwisho huku anapepeta mchele.

"Sawa, nitapanda," akasema. "Lakini safari hii yule mzee wa bandarini tunamwuliza kabla hatujakata tiketi. Na mifuko unabeba wewe."

Nimeshanunua. Wiki ijayo nitawaletea kisa cha dereva wa bodaboda aliyechumbia dada wawili.