PS5 Pro: Hesabu Kwanza, Gemu Baadaye

Ndugu zangu wa Kingsview Village, baridi ikikaza, kucheza gemu nyumbani ni nafuu kuliko kutoka kila wikiendi. Hilo silipingi. Ninachopinga ni kuacha PS5 nzima ukakimbilia Pro.

Tupige hesabu. PS5 Pro ilitoka Novemba 2024 kwa dola 959.99 za Kanada. Ongeza HST ya Ontario, asilimia 13, inafika kama 1,085. Kwa kima cha chini cha wakati huo, dola 17.20 kwa saa, hizo ni saa 63 za kazi, tena kabla ya makato. Na kisoma diski unanunua kando!

Unapata nini? Picha safi zaidi na nafasi ya terabaiti 2. Gemu ni zilezile. Kama TV yako si ya 4K, tofauti utaiona kwa tabu.

Bado uko na PS4? Nunua PS5 ya kawaida. Una PS5? Tulia. Pesa ya nyumbani itumwe kwanza, akiba iingie TFSA ambako faida haikatwi kodi, kinachobaki ndicho cha gemu. Ukilazimika kukopa kwa kadi, jibu umeshalipata: hapana.