Ukiposti 13 Oktoba, usiruke 2021

Kama mnanifuata mnajua kila mwezi wa kumi mimi hutoa zile video za "siku kama leo" kuhusu timu yetu ya riadha. Watu huzipenda, na naelewa. Oktoba ni mwezi wetu. Medali ya kwanza kabisa ya Kenya kwenye Olimpiki ililetwa na mtu wa hapa Kericho, Wilson Kiprugut, shaba ya mita 800 kule Tokyo, Oktoba 1964. Mimi ni wa Kapsoit, kwa hivyo hiyo lazima niitaje kila mara. Mtanivumilia tu.

Lakini leo nataka tuongee juu ya tarehe moja, 13 Oktoba, na vile mimi mwenyewe niliikosea.

Video yangu ilikuwa hivi. Inaanza 13 Oktoba 1968, Mexico City. Mji uko juu, zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, wazungu wanahema. Fainali ya mita 10,000. Naftali Temu, mwanajeshi kutoka upande wa Kisii, majirani zetu hapa, anakimbizana na Mamo Wolde wa Ethiopia mpaka mita za mwisho. Anashinda kwa chini ya nusu sekunde. Hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza ya Kenya kwenye Olimpiki. Ya kwanza kabisa! Kabla ya Kipchoge Keino, kabla ya Rudisha, kabla ya wote.

Halafu naruka hadi 13 Oktoba 2019, Chicago. Dunia nzima bado inaongea juu ya Eliud Kipchoge, ambaye siku moja kabla alikimbia marathoni Vienna kwa saa 1:59:40. Wakati watu bado wanaimba hiyo, Brigid Kosgei anaamka, anakimbia 2:14:04 na kuvunja rekodi ya dunia ya Paula Radcliffe iliyokaa miaka 16. Nikaweka muziki, bendera, moto moto. Mwisho. Ikaenda vizuri sana.

Jioni kasini yangu akanitumia ujumbe wa sauti. Yeye hukimbia, kwa hivyo nilidhani atanipongeza. Akasema, "Video ni poa. Lakini mbona umeruka 2021? Si pia ilikuwa 13?"

Nilijua. Hiyo ndiyo ukweli. Nilipokuwa nikitafuta habari za hiyo tarehe niliona jina la Agnes Tirop, na nikapita. Nilijiambia hii ni video ya furaha, nisilete matanga.

Kwa wale mlikuwa wadogo: Agnes Jebet Tirop alikuwa wa Nandi. Alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za nyika mwaka 2015 akiwa bado kijana wa miaka 19. Alipata shaba ya mita 10,000 kwenye mashindano ya dunia mara mbili, 2017 na 2019. Tarehe 12 Septemba 2021 huko Ujerumani alikimbia kilomita 10 za barabarani kwa dakika 30:01, rekodi ya dunia ya mbio za wanawake pekee. Mwezi mmoja na siku moja baadaye, 13 Oktoba, alipatikana nyumbani kwake Iten akiwa amechomwa kisu. Alikuwa amebakisha siku kumi afikishe miaka 26. Mume wake alikamatwa, akashtakiwa kwa mauaji, akakana mashtaka.

Na si yeye peke yake. Aprili 2022 Damaris Mutua, mzaliwa wa Kenya aliyekimbilia Bahrain, alipatikana ameuawa hapo hapo Iten. Septemba 2024 Rebecca Cheptegei wa Uganda, ambaye mwezi mmoja kabla alikuwa amekimbia marathoni ya Olimpiki Paris, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto kwake Trans Nzoia. Akafariki hospitalini Eldoret.

Sasa nirudi kwa kasini yangu. Ameniruhusu niseme hii, bila jina. Miaka miwili iliyopita alikuwa kambini mbali na nyumbani. Kulikuwa na mwanaume aliyejiita kocha wake, halafu akawa mpenzi wake, halafu akawa ndiye anashika kadi yake ya benki. Akishinda pesa kidogo kwa mbio za barabarani, jamaa ndiye anajua zimeenda wapi. Simu yake ilikuwa inakaguliwa kila usiku. Alirudi Kapsoit na begi moja na viatu vya mazoezi. Sisi familia tukamuuliza, "Kwani umeshindwa na mbio?" Hata mimi nilimuuliza. Hakuna aliyemuuliza kama yuko salama.

Kwa hivyo aliposikia nimeruka 2021, kwake haikuwa kosa la historia tu. Alisikia ni kama tunasema hiyo sehemu si yetu.

Kuna wale watasema nachafua jina la Kenya. Kwamba wageni wakitutazama waone medali, hayo mengine tumalizane nayo nyumbani. Mimi nauliza, nyumbani wapi? Huko nyumbani ndiko yanakofanyikia. Na tukiamua tarehe inabeba mazuri pekee, tutaanza kudanganya hata kwa mazuri. Mfano ni huu: 13 Oktoba 2024, tena Chicago, Ruth Chepngetich alikimbia 2:09:56. Mwanamke wa kwanza kushuka chini ya saa mbili na dakika kumi. Mwaka uliofuata akafungiwa miaka mitatu kwa dawa iliyokatazwa, sampuli yake ikiwa ya Machi 2025. Rekodi ilikuja kabla ya hiyo sampuli, kwa hivyo haikufutwa. Utaipostije hiyo? Ukiposti saa zake bila marufuku, umedanganya. Ukiposti marufuku na kuficha kwamba rekodi haikufutwa, pia umedanganya. Inabidi useme yote na umwache msichana anayetazama afikirie mwenyewe.

Huyo msichana ndiye namfikiria. Hapa kwetu asubuhi ukisimama kando ya barabara ya Kisumu utawaona, wanapita na jezi za shule kabla lori la majani chai halijafika. Wengine wana miaka 15. Tunawaambia wakimbie kama Kosgei. Sawa. Lakini nani anawaambia akaunti ya benki iwe kwa jina lako, hati ya shamba utakalonunua iwe kwa jina lako, na mtu anayekagua simu yako si kocha?

Wanariadha wenyewe walianza kusema. Baada ya Agnes kufa, wenzake waliunda Tirop's Angels kusaidia wasichana waliokwama kwa shida kama hizi. Sisi wa kuposti tunaweza angalau kutowarukia.

Basi mwaka huu video yangu ina 1968, 2019, 2021 na 2024. Kwa 2021 nimeondoa muziki, nimeweka picha ya Agnes akikimbia, na chini namba 1195. Ni ya bure, unapiga saa yoyote ukipigwa au ukitishwa nyumbani. Kama una chini ya miaka 18, piga 116.

Na kama una dada au rafiki anayekimbia, leo usimuulize saa zake. Muulize kadi yake ya benki iko na nani.

Kasini yangu bado anakimbia, kwa taarifa yenu. Asubuhi kilomita 12, halafu anaenda kuchuma chai na mamake. Kadi yake anayo mwenyewe.