Fedha ya Kamari si Kiingilio cha Burudani

Watu wengi wanaopanga safari ya mwisho wa wiki na marafiki kwenda Las Vegas, katika jimbo la Nevada nchini Marekani, huondoka nyumbani na imani moja iliyozoeleka kiasi cha kuonekana kuwa busara: kwamba kila mmoja akitenga fedha kidogo za kuchezea, akaahidi kutozidisha, basi fedha hizo hazihesabiwi kuwa hasara bali ni bei ya burudani, sawasawa na kiingilio cha sinema au cha uwanja wa mpira. Imani hiyo hutamkwa na watu makini, wenye kazi zao na familia zao, na hapo ndipo ilipopata nguvu. Hata hivyo ni imani potofu, na mtu hahitaji kuwa mhubiri ili auone upotofu wake, kwa kuwa hesabu peke yake inatosha kuuonyesha. Kasino haiuzi burudani kwa bei inayojulikana. Inauza mchezo ambao bei yake imefichwa, hupanda kadiri mchezaji anavyokaa, na humwelemea zaidi mgeni wa matembezi anayejidhania kuwa ndiye aliye salama. Na marafiki alioandamana nao, badala ya kumkinga, mara nyingi humfunga kwenye meza.

Kiingilio kina sifa tatu zinazojulikana na kila aliyewahi kupanga foleni dirishani: bei yake hutangazwa kabla mtu hajatoa fedha, hulipwa mara moja, na haibadiliki kwa sababu mtazamaji amechoka, amelewa au ameudhika. Fedha ya kamari haina hata moja ya sifa hizo, na njia nzuri ya kulithibitisha hilo ni kuitazama kwa karibu ruleti, mchezo ambao wageni huuona kuwa mwepesi na wa wazi kuliko yote.

Ruleti ni gurudumu linalozungushwa pamoja na kigololi, na mahali kigololi kinapotulia ndipo washindi hujulikana. Gurudumu la Kimarekani lina vitundu 38: vyekundu 18, vyeusi 18, na viwili vya kijani vyenye alama za 0 na 00. Anayeweka dau la dola 10 kwenye rangi nyekundu huongezewa dola 10 akishinda, kana kwamba nafasi za kushinda na kushindwa zinalingana, ilhali vitundu vinavyompa ushindi ni 18 na vinavyomnyima ni 20. Tofauti hiyo ndiyo chimbuko la kile kiitwacho faida ya kasino, yaani sehemu ya kila dau ambayo, kwa wastani wa muda mrefu, hubaki kwa mwenye meza, nayo katika gurudumu hili ni asilimia 5.26. Hapa hakuna wizi wala mazingaombwe, maana kanuni za mchezo zenyewe zinatosha. Mwanahisabati wa Uswisi Jacob Bernoulli, ambaye kitabu chake Ars Conjectandi kilichapishwa mwaka 1713 baada ya kifo chake, alithibitisha kwamba kadiri majaribio yanavyoongezeka ndivyo matokeo yanavyoelekea kukaribia uwiano uliowekwa tangu mwanzo. Na katika kasino uwiano huo umewekwa na mwenye nyumba.

Wengi wakisikia asilimia 5 huona ni nafuu, wakidhani kwamba mwenye dola 200 atapoteza dola 10 au 11 kisha arudi chumbani kulala. Kosa lao ni kwamba asilimia hiyo haikatwi kwenye fedha iliyotengwa bali kwenye kila dau linalowekwa, na mchezaji hurudisha mezani hata kile alichokipata dakika chache zilizopita. Anayeweka dola 10 mara 40 kwa saa, kwa saa 5, atakuwa ameweka madau yenye jumla ya dola 2,000, mara 10 ya fedha aliyoingia nayo, na gharama yake ya wastani itakuwa dola 105 hivi, si 11. Mwenye dola 200 anayeweka dola 10 kila mara kwenye nyekundu, akiazimia kutonyanyuka hadi fedha yake iwe mara mbili au iishe kabisa, ana takribani nafasi 11 tu katika 100 za kufika dola 400. Lakini angeziweka zote 200 kwa mkupuo mmoja angekuwa na nafasi 47 katika 100. Jambo hili linastahili kutafakariwa, kwa sababu linapindua ushauri ambao marafiki hupeana njiani, kwamba anayecheza kidogo kidogo ndiye mwangalifu. Udogo wa dau haupunguzi faida ya kasino. Unachofanya ni kuipa faida hiyo nafasi nyingi zaidi za kufanya kazi. Haba na haba hujaza kibaba, na katika ukumbi wa kamari kibaba kinachojazwa ni cha mwenye meza.

Hesabu hiyohiyo inaeleza pia kwa nini imani hii haifi. Kundi la marafiki sita likifika na dola 200 kwa kila mmoja na wote wakacheza kwa namna iliyoelezwa, kuna nafasi karibu 50 katika 100 kwamba angalau mmoja wao atafikisha dola 400. Kwa maneno mengine, karibu nusu ya makundi ya namna hiyo yatarudi na mshindi, na mshindi ndiye atakayesimuliwa kazini, msibani na harusini, ilhali waliopoteza hawana kisa cha kusimulia kwa kuwa walikwisha kukubali kabla ya safari kwamba fedha yao ilikuwa ya kupotea. Ukweli wa daftari ni mwingine kabisa, kwani kati ya dola 1,200 zilizotoka nyumbani, kundi kwa wastani linarudi na dola 260 tu. Simulizi za safari huendeshwa na mmoja aliyepata, na hivyo kila safari hupanda mbegu ya safari nyingine.

Mashine za sloti, ambazo siku hizi huchezwa kwa kubonyeza kitufe, huificha bei zaidi kuliko ruleti. Kanuni za Nevada zinaitaka mashine irudishe kwa wachezaji angalau asilimia 75 ya madau kwa muda mrefu, maana yake ni kwamba mashine iliyowekwa kubakiza robo nzima ya kila dau haivunji kanuni. Nyingi hubakiza kiasi kidogo kuliko hicho, lakini mgeni hawezi kutambua kwa macho ipi hubakiza ngapi, kwa sababu kiwango hakiandikwi mbele yake. Mashine inayobakiza asilimia 8, ikibonyezwa mara 10 kwa dakika kwa dau la dola 1, humgharimu mchezaji wastani wa dola 48 kwa saa. Aidha, mashine zenye mistari mingi ya kuchezea humlipa mtu senti 30 baada ya kuweka dola 1, kisha huwasha taa na kupiga muziki wa ushindi, ingawa amepoteza senti 70. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada walionyesha mwaka 2010 kwamba mwili wa mchezaji husisimkwa na hasara ya namna hiyo karibu sawa na unavyosisimkwa na ushindi wa kweli. Mwanaanthropolojia Natasha Dow Schüll, katika kitabu chake cha 2012 kuhusu mashine za Las Vegas, alieleza kwa kina jinsi viti, sauti, mwendo wa mchezo na mpangilio wa ukumbi vinavyobuniwa ili mchezaji asahau saa na fedha. Burudani ambayo imebuniwa ili mnunuzi asijue anatumia kiasi gani haiwezi kufananishwa na kiingilio kilichoandikwa ukutani.

Linaloudhi zaidi ni kwamba mgeni wa matembezi hutozwa bei ya juu kuliko mchezaji mzoefu. Katika blackjack, mchezo wa karata ambao mchezaji hujaribu kukaribia 21 bila kupita, mkono bora wa karata mbili ulizoeleka kulipwa dola 15 kwa kila dau la 10, ilhali meza nyingi za madau madogo, zile ambazo marafiki wa safari hukaa, sasa hulipa dola 12, na punguzo hilo peke yake huongeza faida ya kasino kwa zaidi ya asilimia 1 ya kila dau. Kuanzia mwaka 2016 barabara mashuhuri ya Strip, iliyosheheni kasino kubwa, imeona pia ruleti yenye sifuri tatu, ambayo malipo yake ni yaleyale lakini vitundu vyake ni 39, na faida ya kasino imepanda hadi asilimia 7.69. Mzoefu huzikwepa meza hizo kwa kuwa anajua kusoma kanuni zilizochapishwa mezani, naye mgeni hukaa hapo kwa sababu kiwango cha chini cha dau ni kidogo na kuna viti vya kutosha kwa wenzake wote.

Kuhusu wenzake hao, imani ya kawaida husema kwamba marafiki watamzuia anayepitiliza. Yapo makundi yanayofanya hivyo, na yanastahili sifa, lakini mazingira yamepangwa kuwavuta watu upande wa pili. Vinywaji hutolewa bure kwa anayecheza, hivyo kuondoka mezani ni kuondoka penye kinywaji na penye wenzi. Aliyeishiwa hukopeshwa na aliyeshinda, ili asikae peke yake. Na anayetaka kulala mapema huonekana mharibifu wa starehe. Watafiti Richard Thaler na Eric Johnson walieleza mwaka 1990 kwamba mtu aliyepata faida karibuni huiona kama fedha ya mwingine na huwa mwepesi kuihatarisha, ilhali aliyepoteza huvutwa na mchezo wowote unaompa tumaini la kurudisha alichokuwa nacho. Ndani ya kundi hali zote mbili hukaa viti vinavyopakana, aliyepata akimtia moyo aliyekosa, na mpaka uliowekwa nyumbani hufutwa kwa wema.

Watetezi wa safari hizi wana hoja moja nzito inayostahili kujibiwa kwa haki. Wanasema kwamba Las Vegas ya leo si mji wa kamari tu, na kwamba hoteli za Strip hupata sehemu kubwa ya mapato yao kutokana na vyumba, chakula na maonyesho. Hilo ni kweli, na mtu anayelipia onyesho akalitazama na kwenda kulala amenunua burudani halisi. Lakini hoja hiyo inaithibitisha hoja ya makala haya badala ya kuipinga, kwa kuwa inaonyesha kwamba burudani yenye bei iliyotajwa ipo mjini humo, na kwamba fedha ya mezani ni kitu kingine. Watetezi hao huongeza kwamba wengi hawawi waraibu. Hilo nalo ni kweli, ila hata mtu asiyeugua huweza kudanganywa kuhusu bei. Na wale wanaougua, ambao tatizo lao Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kililiweka mwaka 2013 katika kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya, huenda nao walianza kwa kuambiwa na watu wawapendao kwamba ni burudani tu.

Imani hii haikuzuka yenyewe. Nevada ilihalalisha upya kamari mwaka 1931, katika miaka ya mdororo wa uchumi, na hadi leo jimbo halitozi kodi ya mapato ya mtu binafsi, huku ushuru wa kamari ukiwa nguzo mojawapo ya hazina yake. Mwaka 2003 mji ukatangazwa duniani kwa kaulimbiu iliyowaahidi wageni kwamba yanayotendeka huko hayatatoka nje. Ahadi hiyo imewafaa wenye kasino kuliko wageni, kwa maana hasara isiyosimuliwa haimwonyi mtu. Wasemaji wa Kiswahili hawako mbali na jambo hili: wapo wanaoishi Marekani na husafiri kwenda huko, na hata wale wasiovuka bahari hukutana na imani ileile Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, ambako kijana huweka mkeka, yaani tiketi ya kubashiri mechi, kwenye simu akiamini kwamba shilingi 1,000 anayobeti kila siku ni ya kujifurahisha, ingawa mwisho wa mwezi imekuwa 30,000 na hakuna aliyeijumlisha.

Mali bila daftari huisha bila habari, na dawa ya imani hii imo katika methali hiyo. Serikali zinazotoa leseni zinapaswa kuilazimisha kila mashine na kila meza kuandika mbele ya mchezaji gharama ya wastani kwa saa, kwa lugha anayoielewa na kwa fedha, si kwa asilimia. Marafiki nao, kabla hawajarudi nyumbani, wajumlishe yote yaliyotoka na yote yaliyorudi, na wakisimulia ushindi wa mmoja wasimulie pia jumla ya wote sita. Na anayetaka starehe achague ile inayokubali kutaja bei yake kabla ya kupokea fedha, kwa sababu mfanyabiashara anayekataa kufanya hivyo amekwisha kumweleza mnunuzi kwamba angeijua asingelipa.