Majibu ya Mgonjwa Yasifungiwe Katika Kompyuta Moja

Mwaka 1871, Henry Morton Stanley alipokuwa Kwihara, kilomita chache kutoka katikati ya mji wa Tabora, alikuta huko mfuko wa barua za David Livingstone. Mfuko huo ulikuwa umeandikwa tarehe 1 Novemba 1870 huko Unguja. Mwenye barua alikuwa mbali, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, dhaifu wa mwili na asiye na habari za nyumbani. Kisha vita baina ya Mirambo na wafanyabiashara wa Unyanyembe vikaifunga njia ya msafara, na barua zikamfikia mwenyewe Ujiji mwishoni mwa 1871, mwaka mzima hivi baada ya mfuko kufungwa.

Hata hivyo, mfuko ule ulikuwa na bahati moja ambayo barua pepe nyingi za hospitali hazina. Kila aliyeuona alijua kwamba ndani mna barua, kwamba ni za nani, na kwamba ni za tarehe gani. Unguja walijua kwamba umetumwa. Ulichelewa, lakini haukusahaulika.

Leo mtumishi wa afya anayetumia programu ya Outlook huona ilani kwamba kisanduku chake cha barua kimejaa. Fundi wa kompyuta, au mwenzake wa ofisini, humwelekeza azihamishie barua za zamani katika faili la kumbukumbu lililo ndani ya kompyuta yake, faili ambalo jina lake huishia na herufi pst. Ilani hutoweka, kazi huendelea. Neno la kuzingatiwa hapo ni “kuhamishia”. Barua hizo hazinakiliwi. Huondolewa katika seva ya taasisi zikabaki mahali pamoja tu, yaani diski ya kompyuta iliyo juu ya meza ile. Programu hiyo inaweza hata kupangwa iwe inahamisha barua kwa ratiba yake yenyewe, hivyo wapo watumishi wasiojua kabisa kwamba wana faili la namna hiyo.

Chukulia mfano wa mama wa Urambo mwenye uvimbe katika ziwa. Kipande cha nyama kimekatwa na kupelekwa Mwanza kuchunguzwa, na majibu yametumwa kwa barua pepe kwa daktari aliyemhudumia. Mama amerudi nyumbani, kwani msimu wa tumbaku haumsubiri mtu. Anaporejea hospitalini, daktari amehamishiwa mkoa mwingine na kompyuta yake amepewa mtumishi mwingine, baada ya fundi kuisafisha. Mama anaambiwa majibu hayajafika. Si kweli, yalifika, yakasomwa, yakafungiwa. Sasa anaombwa akatwe tena nyama, alipe tena, asubiri tena. Katika saratani ya matiti, kuchelewa kwa miezi mitatu au zaidi kati ya dalili na matibabu huhusishwa na kupungua kwa uwezekano wa kupona. Ugonjwa haujali kwamba kosa lilikuwa la faili.

Hatari nyingine za faili hili zinafahamika kwa mafundi, lakini hazielezwi kwa wauguzi na madaktari. Umeme ukikatika faili likiwa wazi, linaweza kuharibika. Kadiri linavyokuwa kubwa ndivyo linavyozidi kuwa dhaifu. Muundo wa kale wa faili hilo haukuruhusu zaidi ya gigabaiti 2, na waliolipita kiasi hicho walijikuta hawawezi kulifungua. Chombo cha kulitengeneza kipo, ila si kila mara kinarudisha barua zote. Nywila inayowekwa juu yake ni kama kufuli la mlango wa mwanasesere: programu za kuivunja zinapatikana kwa urahisi, hivyo anayeiba kompyuta mpakato katika basi ameiba pia majibu ya Virusi vya UKIMWI ya watu ambao hawajui hata kwamba majina yao yamo safarini. Nakala rudufu za taasisi, pale zinapochukuliwa, kwa kawaida ni za seva, wala hazigusi diski ya mtumishi mmoja mmoja. Wapo wanaoliweka faili hilo katika diski ya mtandao wa ofisi wakidhani wamejikinga. Kampuni ya Microsoft yenyewe imekwisha kuonya kwamba matumizi hayo si salama kwa faili hilo.

Livingstone, ambaye naye alikuwa daktari, aliijua hasara ya mzigo mmoja. Januari 1867, katika nchi ambayo sasa ni Zambia, wapagazi wawili walitoroka na mizigo, na sanduku lake la dawa likaenda nao. Kwinini yote ilikuwa humo. Alilichukua tukio hilo kama hukumu ya kifo, na afya yake katika miaka iliyofuata haikumpa sababu ya kubadili mawazo. Stanley alipojiandaa Bagamoyo mwaka 1871 aliugawa msafara wake katika makundi matano yaliyoondoka kwa siku tofauti. Hekima hiyo ilikuwa ya kawaida katika njia ya Bagamoyo hadi Ujiji. Inashangaza kwamba taasisi zenye kompyuta hazina hekima hiyo.

Ni haki kusema pia kwamba mtumishi anayehamisha barua hana nia mbaya. Amepewa kisanduku kidogo, ameambiwa akipunguze, na hakuna aliyemwambia azipeleke wapi. Tena intaneti ya wilayani huzorota, na barua iliyomo ndani ya kompyuta inasomeka hata mtandao usipokuwapo. Faida hiyo si ndogo kwa daktari wa zamu ya usiku. Lawama kubwa zaidi ni ya uongozi unaohesabu gharama ya nafasi katika seva na kusahau gharama ya kipimo kinachorudiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti na inampa mhusika haki ya kuzipata. Taasisi haiwezi kumpa mgonjwa kitu isichojua kilipo. Mgonjwa akiuliza, nani atafungua kompyuta arobaini, moja baada ya nyingine?

Dawa ya kwanza haihitaji fundi. Majibu yanayokuja kwa barua pepe yachapishwe au yaingizwe siku hiyohiyo katika jalada la mgonjwa, liwe la karatasi au la mfumo wa GoT-HOMIS. Barua pepe ni mpagazi tu. Mzigo ukifika hupakuliwa. Majibu ya vipimo yatumwe kwenye anwani ya idara inayosomwa na zaidi ya mtu mmoja, kwani mtu huugua, hustaafu, huhamishwa. Barua za zamani zihifadhiwe katika seva, chini ya masjala, kwa muda uliopangwa. Tabora, ambako Chuo cha Utumishi wa Umma kinafundisha utunzaji wa kumbukumbu, haikosi watu wanaoijua kazi hiyo. Kinachokosekana ni kuwaita wakae meza moja na waganga.

Kwa mafaili yaliyokwisha kutengenezwa, kila idara iyatafute, iyarudishe yaliyomo katika seva, na kuyafuta katika diski pale tu nakala inapokuwa imehakikiwa. Kazi hiyo inachosha. Yapo ambayo hayatafunguka. Shajara ambayo Livingstone aliiandika mwaka 1871 kwa wino wa mimea juu ya karatasi za gazeti ilififia hata ikashindwa kusomeka, mpaka wataalamu walipoipiga picha kwa mianga maalumu na kuitangaza mwaka 2011. Mama wa Urambo hana miaka 140 ya kusubiri.

Mgonjwa naye ana nafasi yake. Anapotolewa kipimo aulize majibu yatakuja kwa njia gani, kwa nani, na yataandikwa wapi, kisha aombe nakala yake mwenyewe. Si utovu wa adabu kuuliza hivyo.

Na mtumishi anapohama, hati ya makabidhiano mara nyingi huorodhesha funguo, viti, meza, mhuri na hata feni. Mstari wa barua pepe za wagonjwa unaweza kuongezwa kwa kalamu, leo, kabla barua ya uhamisho haijasainiwa.